Hhando Tluway na Orodha ya Arash

Hhando Tluway hakulala mbele ya mashine. Wala hakufuta ng'ombe wa Arash orodhani kwa sababu yeye alikuwa Mmbulu na wenyewe ni Wamasai. Maneno hayo mawili yamezunguka Karatu tangu mwaka 1986, yamepanda Oldeani, yamefika Mbulu mjini kwa wajomba zake, na siku ya mazishi yake yalisemwa uani, karibu na sufuria za wali, na watu waliokuwa wanaula wali huo. Marsela, mjane wake, aliyasikia. Alikuwa amekaa mkekani hatua chache kutoka hapo. Hakulia na hakugeuka. Alitazama sinia ya vikombe, akaona havitoshi, akamwambia binti yake Antonia aongeze vinne.

Hhando sasa ana mwaka mmoja kaburini. Marsela Patrisi ni mwalimu, amefundisha Ganako miaka kumi na saba, na haya ameyaandika mwenyewe. Kwa kuwa ndani yake yumo na yeye, ameona ajitaje kwa jina kama anavyowataja wengine.

Baba yake Hhando alikuwa kibarua wa kahawa huko Oldeani. Hhando alisoma kwa mapadri, akafaulu hesabu kuliko wenzake wote wa mwaka wake, akaenda Dar es Salaam chuoni, kisha akapelekwa Ulaya mwaka mmoja kujifunza kompyuta. Aliporudi alifanya kazi miezi michache kwenye ofisi yenye mashine kubwa kama ghala la mahindi. Halafu, mwaka 1974, mashine hizo zikazuiwa kuingizwa nchini, na ile waliyokuwa nayo ikakosa vipuri. Hhando akarudi nyumbani na mashati meupe matatu na vitabu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Akafundisha hesabu sekondari. Akaoa. Hakulalamika. Miaka kumi na moja ilipita hivyo, na Marsela alikuwa hajui kwamba mumewe alikuwa bado anaandika programu kwenye madaftari ya shule, kwa penseli, bila mashine yoyote ya kuziendesha.

Mwaka 1985 ukaja mradi wa chanjo ya sotoka, ugonjwa unaomaliza zizi zima la ng'ombe kwa majuma mawili. Mradi huo ulikuja na kompyuta moja ndogo kwa kibali maalumu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja mjini Karatu, jenereta nje. Daktari wa mifugo wa mradi alitaka orodha: ng'ombe wa kila boma kuanzia Endulen mpaka Arash, iliyopangwa na kuchapwa. Dozi zingetolewa kwa orodha. Boma lisilo kwenye karatasi lisingepata kitu. Waliulizana ni nani wilayani anajua mashine ya namna hii, na jina lililotajwa lilikuwa moja.

Makarani waliotangulia walikuwa wamezunguka na daftari wakiwauliza wazee wana ng'ombe wangapi. Mfugaji wa kule hahesabu ng'ombe wake. Anasimama langoni jioni, wanapita, naye anajua nani hayupo, kwa rangi yake, kwa pembe yake, kwa mama yake. Kumwuliza ni wangapi ni kumwitia hasara.

"Waliniuliza ngapi," alisema mzee mmoja wa Arash, Kisioki, siku ya kwanza Hhando alipomfikia. "Nikasema ishirini."

"Walikuwa ishirini, mzee?"

"Walitaka namba, nikawapa namba. Wakaenda wamefurahi."

Hhando alicheka, akafunga daftari. Akamwambia Kisioki kwamba yeye hatauliza ngapi. Amtajie tu ng'ombe mmoja mmoja, naye atamwandikia kila mmoja kadi yake: huyu arus, mweusi mwenye mabaka meupe, pembe ya kushoto imevunjika, wa nyumba ya Nashilu. Huyu mugie, kahawia iliyoiva, ana kovu begani. Nashilu, mke mkubwa wa Kisioki, ndiye aliyewataja wengi, kwa sababu ndiye aliyewakamua. Na Hhando akaahidi kwamba hata ndani ya mashine watakaa hivyohivyo, kwa rangi.

Alirudi Karatu, akaandika programu yake, akaanza kuingiza kadi za Endulen. Hapo ndipo yalipoanzia maneno ya watu.

Dirisha la ofisi lilitazama barabara. Wapita njia walimwona Hhando akibonyeza vitufe, kisha ghafla anaacha, anakunja mikono, anatulia. Dakika tatu. Dakika saba. Kioo cha mashine kimeganda, na mtu mbele yake ameganda. Anashtuka, anabonyeza tena kidogo, halafu anakunja mikono. Haikuchukua juma moja, sokoni wakawa wanamwita Bwana Usingizi.

Marsela aliambiwa na mwalimu mwenzake, kwa upole wa uongo, wakati wa chai. Alikwenda ofisini siku hiyohiyo baada ya vipindi. Akamkuta mumewe amekunja mikono.

"Baba Antonia, imekufa?"

"Haijafa. Inazoa taka."

"Taka gani? Si umeifuta vumbi asubuhi?"

"Taka za ndani, mwalimu. Kaa." Alimsogezea kiti. "Nikiandika pembe imevunjika, kisha nikasahihisha nikaandika pembe ya kushoto imevunjika, yale ya kwanza hayafutiki. Yanabaki yalipokaa, hayana mwenyewe, na nafasi yameishika. Mpaka nafasi ijae. Ikijaa, mashine inaacha kila kitu, inatafuta maneno ambayo bado yana mwenyewe, inayabana upande mmoja, ndipo inapata pa kuweka mapya."

"Basi ifanye haraka."

"Haijui haraka. Ili isogeze neno moja inayapitia yote. Ikishalisogeza hilo, inaanza tena mwanzo kutafuta la pili."

"Kama mwalimu anayeita darasa zima ili amtoe mtoto mmoja, kisha anaanza kuita upya."

"Hasa. Na darasa likiwa la watoto mara mbili, kazi haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne."

Kioo kikapepesa. Hhando akabonyeza herufi mbili tatu, na mashine ikasimama tena. Marsela alitazama dirishani. Wanawake wawili waliotoka mnadani walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara, wanaangalia.

"Funga pazia," alisema.

"Nikifunga pazia watasema ninalala gizani."

Hhando alitafuta dawa ya tatizo hilo siku nne, kwenye daftari, kwa penseli. Aliyafuta maneno akaweka namba. Mweusi akawa moja, mweupe mbili, arus akawa saba. Kovu likapewa namba yake, na kila boma namba yake. Namba zote zilichukua nafasi ya upana mmoja, zikipangwa mstari zinagusana, na mashine ikitaka ya mia mbili ilikwenda moja kwa moja pale ilipo bila kupita kwa nyingine. Ukibadili namba, mpya hukaa palepale pa zamani, hakuna kinachobaki nyuma kikisubiri kuzolewa. Na vile vitu ambavyo programu iliviuliza kila mara, Hhando akavitaja mwanzoni kabisa, kwa kuwa mashine ilivitafuta kuanzia juu ya orodha, kama mwalimu na daftari lake la mahudhurio. Kadi za Endulen, zilizokuwa zimemlia siku nzima bila kwisha, zilipangwa zote kabla ya chai ya saa nne. Za Nainokanoka zilikwisha siku iliyofuata. Mkuu wa mradi alikuja kushuhudia, akampa mkono. Hhando alirudi nyumbani akala ugali mara mbili.

Ilibaki Arash. Kisioki alishuka Karatu mwenyewe, na wenzake wawili, aone ng'ombe wake wanavyokaa humo ndani. Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka 1986 sasa, Marsela alikuwa ofisini akimsaidia mumewe kusoma kadi. Waliamkiana. Kisioki akakaa kwenye benchi, akaegemeza fimbo, akatazama kioo.

"Huyu arus wa Nashilu yuko wapi?"

"Huyu hapa, mzee. Saba."

"Saba?"

"Saba ni mahali pa rangi yake. Si idadi."

"Na mweusi?"

"Moja."

"Kwa nini mweusi awe wa kwanza?"

"Kwa kuwa ndiyo rangi niliyokutana nayo zaidi."

Wenzake walicheka. Kisioki hakucheka. "Kwa hiyo unaanza moja, unakwenda mbili, unafika saba. Huko, kijana, kama siyo kuhesabu, ni nini?"

Marsela alifungua mdomo. Alikuwa na jibu zuri, lenye mfano, la kumweleza mtu yeyote tofauti ya namba na idadi. Hhando alimtazama tu, naye akaufunga.

"Nilikuahidi rangi," Hhando akamwambia mzee. "Basi wa Arash wataandikwa kwa rangi."

"Wewe Mmbulu una maneno mafupi," alisema Kisioki, akasimama. "Nitakupa na rangi za ng'ombe wa maboma mengine ya kwetu. Njoo uzichukue."

Mkuu wa mradi aliposikia alikasirika. Alimwambia Hhando kwamba mashine itarudia kusimama, kwamba atachelewa.

"Nitachelewa," Hhando akakubali.

Sasa siku yenyewe. Lori la chanjo lilikuwa liondoke Karatu Alhamisi alfajiri. Hhando aliingia kutoka Arash Jumanne jioni, barabara ilikuwa imemharibia siku mbili, na sanduku la kadi magotini. Jumatano saa moja asubuhi alikaa kwenye kiti. Marsela alisoma, yeye aliandika. Arus, pembe ya kushoto imevunjika, wa Nashilu. Mugie, kovu begani. Mashine ikasimama dakika tatu. Wakaendelea. Ikasimama saba. Saa sita ilisimama dakika kumi na mbili, wakanywa chai baridi wakiitazama. Kazi yote tangu asubuhi ilikuwa ndani ya mashine peke yake, haijahifadhiwa kwenye disketi, kwa sababu kuhifadhi katikati kulizaa taka zaidi na kusimama zaidi, na Hhando alihofia muda. Hilo lilikuwa kosa lake. Linaandikwa hapa kwa kuwa ni kweli.

Saa tisa zilibaki kadi tisa. Mashine ikasimama. Na jenereta nje ikaanza kubadili sauti, dizeli ilikuwa inakaribia kwisha. Hhando akachukua dumu.

"Naenda misheni kuomba. Hii ndiyo itachukua muda mrefu kuliko zote, imejaa. Usiiguse."

"Nimesikia."

"Hata ikichukua saa nzima, Mama Antonia. Ikinyamaza ujue inafanya kazi."

"Nimesema nimesikia."

Akaenda. Marsela akabaki na kioo kilichoganda kwenye neno kahawia. Juu ya meza, ukutani, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa na mkuu wa mradi tangu siku ya kwanza: MASHINE IKIKWAMA ZIMA, SUBIRI, WASHA. Alikunja mikono. Hakujua kwamba amekunja mpaka mlango ulipofunguliwa.

Aliingia Inosenti, dereva wa lori la chanjo, mtu wa maneno mengi, na nyuma yake abiria wanne au watano waliokuwa wakitafuta lifti ya Loliondo. Mmoja alikuwa mama wa mtoto ambaye Marsela alimfundisha mwaka uliotangulia.

"Shikamoo, mwalimu. Bwana Usingizi yuko wapi?"

"Marahaba. Mume wangu ana jina."

"Usinikasirikie, shemeji. Naona leo zamu ya kulala umeachiwa wewe." Abiria wakacheka. Inosenti akainama, akatazama kioo. "Hii si imekwama? Tangu lini?"

"Haijakwama. Inafanya kazi."

"Kazi gani hiyo? Hata ukuta unafanya hivyo." Wakacheka tena. Akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Mkuu kaandika hapo kwa herufi kubwa. Au mwalimu naye hasomi?"

Saa ya ukutani ilionyesha dakika ishirini na sita tangu Hhando aondoke. Marsela alijua alichoambiwa. Alikuwa ameelezwa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote wilayani, na alikuwa ameelewa, na angeweza kuwaeleza hawa wote waliosimama mlangoni kwa mfano wa darasa. Hakueleza. Aliona tu mama yule akimnong'oneza mwenzake. Akanyoosha mkono wa kulia, akazima mashine.

Ilitoa mlio mdogo. Kioo kikawa cheusi.

"Basi," alisema. "Subiri, washa." Akahesabu kumi kwa sauti, kama karatasi ilivyotaka, akawasha. Ikawaka safi, tupu, kimraba kidogo kikipepesa pembeni. Inosenti akasema unaona sasa, akaondoka na abiria wake.

Hhando alirudi na dumu limejaa. Alitazama kioo, akaliweka dumu chini taratibu lisimwagike. Akakaa. Marsela alimwambia yote, na maneno ya Inosenti pia, kwa mpangilio. Hhando alisikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa imebakiza kidogo," alisema.

Kuanza upya kulihitaji siku nzima, na siku nzima haikuwepo, wala dumu moja la dizeli lisingetosha usiku kucha. Alfajiri alikwenda kwenye lori na sanduku la kadi kichwani, kwa kuwa lilikuwa zito, mwenye shahada ya hesabu, mbele ya watu. Daktari wa mifugo hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mwalimu, hizi ni kadi. Nimeagizwa orodha." Endulen walipata. Nainokanoka walipata. Arash walipelekewa dozi zilizosalia, na zilizosalia zilikuwa chache.

Sotoka ilifika Arash mwezi wa tisa.

Mkuu wa mradi alipouliza, Marsela alikuwa amesimama chumbani humo humo. Hhando akajibu, "Nilizima mimi." Alipokwenda Arash kumwona Kisioki, Marsela alikwenda naye, kwa sababu aliona haifai aende peke yake. Harufu ilianza kabla ya kufika. Nashilu alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake na kibuyu kitupu, hakuwaitikia salamu. Hhando akasimama mbele ya Kisioki, akavua kofia.

"Mzee, orodha ya kwenu haikutoka. Mashine niliizima mimi."

Kisioki akaanza kuwataja. Arus wa Nashilu, yule wa pembe. Mugie mwenye kovu, na ndama wake. Mweupe aliyetoka kwa wakwe. Hakutaja namba hata moja. Aliwataja mmoja mmoja mpaka akawamaliza, na Hhando alisikiliza wote akiwa amesimama juani na kofia mkononi, na pale mzee aliposita kutafuta rangi, Hhando alimsaidia, kwa sababu kadi alikuwa amezishika kichwani. Ilichukua muda mrefu. Marsela alisimama nyuma ya mumewe. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinambana, na alikifikiria kiatu hicho mpaka mwisho.

Kurudi, walipita ukingo wa kreta, mawingu yamejaa ndani, wakafika Karatu, Marsela akapika.

Mkataba wa Hhando haukuendelezwa. Sekondari nafasi yake ilishachukuliwa. Akalima mahindi na maharage Ganako kwenye ekari za baba yake, akawa mkulima wa kawaida, si hodari sana. Maneno yakakua. Kwanza alilala. Kisha hakulala, alifuta kwa makusudi, Mmbulu na Mmasai tena, mnajua hawa na ugomvi wao wa ng'ombe tangu zamani. Hhando hakujibu popote, hata kanisani, hata pombe ilipokuwa imemiminwa na watu wakimchokoza kwa utani.

Marsela alimwuliza mara moja tu, wakipukuchua mahindi.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Wewe unasimama mbele ya watoto kila asubuhi," alisema Hhando. "Mimi nasimama mbele ya mahindi."

Akaendelea kupukuchua. Marsela naye akaendelea. Angeweza kusema neno kesho yake, au mwaka uliofuata. Alikuwa na jina la kulinda, la baba yake, la shule, la Antonia aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Akaona anailinda nyumba. Machi 1988 Hhando aliugua kifua siku sita, akafariki. Kisioki alikuja mazishini na Nashilu, akatupa udongo kaburini, akaondoka bila kula. Hao wawili hawakunong'ona lolote.

Sanduku la kadi liko chini ya kitanda. Kadi ni za wafugaji, zikitakiwa Arash zitarudishwa. Idadi yake haiandikwi hapa.

Kwa hiyo ijulikane Karatu, Oldeani na Mbulu. Hhando Tluway alitimiza ahadi yake ya rangi, na programu yake haikuwa na kosa lililoua ng'ombe wa mtu. Mashine ilizimwa na Marsela Patrisi, mwalimu, mwenye akili timamu, aliyekwisha kuonywa, saa tisa na dakika ishirini na sita za Jumatano, mbele ya watu waliokuwa wanamcheka. Waliocheka wanajijua na hawatatajwa zaidi ya walivyotajwa. Alivyojisikia wakati huo na anavyojisikia leo si habari ya mtu. Atakayekuja Ganako kuuliza ataamkiwa, atapewa chai, na ataondoka na alichokuja nacho. Marsela amekwisha kusema.